Wapo Watu

Mdogo wangu alipoanza darasa la kwanza, skuli yao ilikuwa na zamu mbili. Wasichana wengine asubuhi, wengine mchana, majengo yale yale, madawati yale yale. Yeye akaangukia mchana. Basi lake linapita adhuhuri, na sisi wengine tushatoka tangu jua halijapanda: mimi thanawiya, yaani sekondari, mama wizarani, na baba kazini Buraimi, mbali na Maskati yetu, Alkhamisi moja anakuja, nyengine haji. Kwa hiyo asubuhi nzima, kila siku ya skuli, nyumbani anabaki mtoto wa miaka sita peke yake.

Nimeisema moja kwa moja kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Mama yangu angeianza mbali. Angeanza na khadama wetu, mtumishi wa nyumbani, aliyekwenda kwao likizo asirudi, na wa pili ambaye visa yake haikutoka, na angetaja mvua na bei ya samaki, na mpaka anafika kwa mtoto wewe ushamaliza chai yako na unatafuta viatu vyako. Mimi subira hiyo sina, na wakati ule sikuwa nayo kabisa.

Kilichokuwa kikiniudhi zaidi ni vifungo. Lile vazi la skuli lilikuwa na vifungo mgongoni, sijui nani alilibuni. Mtoto mdogo mkono haufiki. Basi mama ilimlazimu amvishe kabla yeye mwenyewe hajatoka. Asubuhi na mapema mdogo wangu keshavaa kila kitu, soksi, viatu, shela nyeupe, nywele zimesukwa, tayari kwa skuli ya mchana. Kisha anaanza kuambiwa. Usilale, utakunja nguo. Usikae chini. Jiko usiliguse. Mtu akigonga usifungue, hata akisema yeye nani. Maji haya hapa, mkate chini ya kawa. Akisikia honi ya basi, afunge mlango, ufunguo shingoni, ashuke.

Anaitikia, "Ehe, mama. Ehe, mama." Sisi tunashuka ngazi. Tukifika chini mama anatazama juu dirishani, halafu anatazama saa, halafu anakwenda mbio.

Zamani hatukuwa hivyo. Tulikuwa Wadi Kabir, nyumba moja na shangazi, dada yake baba. Gereji mbele, gereji nyuma, nyundo kutwa nzima, na ndani watu hawaishi. Mtoto ukilia wanakuja watu watatu, mmoja wa kukubembeleza na wawili wa kukugombeza. Mama na shangazi wakakosana, jambo lenyewe dogo, mtungi wa gesi, nani aliuacha wazi. Maneno yakakua mpaka baba akaona bora atupangie flati Khuwair ya Kusini, juu ya duka la mapazia. Siku tunapakia vitu shangazi alisimama mlangoni akasema, "Nendeni. Mtakwenda kuona utamu wa kuishi bila ya watu."

Mara moja tu nilimuuliza mama, "Kwa nini tusimpeleke kwa shangazi asubuhi?"

"Nife kwanza," alisema mama. "Nikishakufa, mpelekeni."

Na majirani hatukuwajua. Chini ya nyumba mafundi wa mapazia, wanaume watupu. Mlango wa pili mwalimu wa Kihindi na mkewe, wote wanatoka kabla yetu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa pili au wa tatu wa skuli, mdogo wangu akarudi na ujumbe mdomoni. "Abla anasema mama aje."

Abla ni mwalimu wa kike, ndivyo walivyokuwa wakiitwa. Huyu alikuwa Mmasri, mnene, mchangamfu, sauti inasikika mpaka getini. Mama akatoka kazini akanipitia tukaenda pamoja, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na cha kwenye teksi, na mimi ndiye mwenye Kiarabu cha skuli. Haris, mlinzi wa getini, akatufungulia. Abla akatupokea kwenye baraza ya darasa, mikono imejaa chaki.

"Ya Umm," alisema, "binti yako hodari, wallahi hodari. Lakini kila siku anakuja na nguo imekunjika kama kalala nayo. Na darasani anasinzia. Nyumbani kuna nini?"

Nikamfasiria mama, ingawa alikuwa keshafahamu. Uso ulishamwiva.

"Mwambie nitapiga pasi zaidi," alisema mama.

"Mama, siyo pasi..."

"Mwambie."

Nikamwambia. Abla akanitazama mimi, akamtazama mama, akacheka kidogo. Siyo kicheko kibaya. Akasema kama kuna udhuru wowote, zamu ya asubuhi huwa inapata nafasi mbili tatu baada ya likizo ya nusu mwaka, na mwenye kuzigawa ni mudira, mkuu wa skuli. "Nendeni mkamwambie tu. Ni mtu wenu, wa Zanjibari."

Hapo nilifurahi. Ofisi ya mudira ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikamshika mama mkono. "Twende basi."

"Twende wapi?"

"Kwa mudira!"

"Hivi hivi? Mtu wetu, unamvamia ofisini kama unakwenda kulipa maji?" Mama alikuwa keshageuka anaelekea getini. "Mtu wetu anafuatwa kwake, mwanangu. Tutakwenda Ijumaa."

Nilijua pale pale tumeharibu, lakini nani ananisikiliza?

Ijumaa mama aliamka na mikate ya kumimina. Aliumua, akapika, wa mwanzo ukaungua chini, akatupa sisi tule, wa pili ukatoka kama sufi. Akaufunga kwa kitambaa cheupe. Akavaa abaya yake nzuri, mdogo wangu gauni la Idd, tukachukua teksi mpaka Qurum. Njia nzima nilikuwa namfundisha. "Mama, ukifika, salamu, kisha useme. Mtoto anabaki peke yake asubuhi, tunaomba zamu ya asubuhi. Basi. Maneno hayo tu."

"Nnajua."

"Sema tena nisikie."

"We mwana, mimi nimekuzaa au wewe umenizaa?"

Nyumba ya mudira ilikuwa kubwa, ya ghorofa, na baridi la eisi linakupokea mlangoni. Mwenyewe alikuwa mwembamba, wa umri wa mama, miwani kwenye mnyororo. Alitupokea kwa Kiswahili cha Unguja mtupu, kile cha zamani, mpaka mama akalegea mabega. Hakuwa na mume wala mtoto mle ndani, mamake tu mzee amelala chumbani. Akaleta kahawa, tende, matunda, mkate wetu akaukata na kuusifu. "Mkate kama huu, bibi, mara ya mwisho nimeula kwa marehemu bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa mtaa gani?" aliuliza mama.

Hapo nikajua leo haturudi mapema. Wakaanza. Mtaa huu, nyumba ile, yule aliyekuwa na mguu mbovu, yule aliyeolewa Pemba akarudishwa. Mara mama anapiga paja, mara mudira anafunika mdomo. Kumbe bibi zao walikuwa ukuta mmoja! Na bibi yake mudira alipougua baada ya uzazi, bibi yake mama ndiye aliyemnyonyesha mtoto. Mudira akaweka kikombe chini.

"Basi sisi ndugu," alisema. "Ndugu wa ziwa. Mimi miaka yote hii Maskati nakwenda kazini narudi, nasema sina ndugu wa upande ule. Kumbe wapo, wanapanda teksi Khuwair."

Wakakumbatiana. Mama alilia kweli. Namuelewa, na yeye tangu tuhame Wadi Kabir hakuwa na mtu wa kumwita dada.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu.

Basi, Mungu si Athumani, mudira mwenyewe akaleta maneno. Akamvuta mdogo wangu, akamkalisha ubavuni, akamuuliza darasa lake. "Kumbe wangu huyu! Yuko mchana. Na asubuhi wewe uko kazini, dada. Anakaa na nani?"

Mlango umefunguliwa, yaani wazi kabisa. Nilimtazama mama. Mdogo wangu naye alimtazama. Mama akavuta ushungi wake mbele kidogo, akatabasamu, akasema:

"Alhamdulillahi, wapo watu. Nyumba yetu haikosi watu."

"Ah, neema," alisema mudira. "Neema hiyo. Mimi hapa nasikia saa ikigonga."

Na mazungumzo yakaenda kwengine.

Sasa msomaji asiye wa kwetu ataona mama yangu alikuwa mwongo au mjinga. Hakuwa. Kwetu kusema nyumba yako haina watu siyo habari ya nyumba, ni habari yako wewe. Maana yake watu wako wamekutupa, au wewe umewatupa. Mtu baki unaweza kumwambia ukipenda. Lakini mudira hakuwa mtu baki tena, alikuwa ndugu, tangu robo saa iliyopita, na ndugu mpya huwezi kumwambia hilo kabla kahawa haijapoa. Haya naandika leo. Siku ile niliona kitu kimoja tu, kwamba ameulizwa na hakujibu.

Ndani ya teksi ya kurudi nililipuka. "Mama, umeulizwa! Amekuuliza kwa mdomo wake!"

"Punguza sauti."

"Watu gani, mama? Nani? Hakuna mtu nyumbani! Mtoto anakaa peke yake kutwa, na wewe unasema haikosi watu!"

"Siku ya mwanzo mtu haombi. Tutakwenda tena."

"Lini? Atakapofika thanawiya?"

Dereva, mzee wa kanzu na kofia, alikuwa kimya muda wote. Akatazama kwenye kioo. "Samahani, binti," alisema, kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka. "Mama hagombezwi kwenye teksi. Subiri mfike, mgombane juu ya mkeka."

Mama aliganda. Miaka kumi na kitu Maskati, na bado tulikuwa tunasahau kwamba mji huu nusu yake inasikia. Akauliza polepole, "Kwenu wapi, bwana?"

"Sisi wa Bujumbura. Sasa nnakaa Wadi Kabir, nyuma ya gereji."

Wadi Kabir! Maneno yetu yangefika kwa shangazi kabla ya magharibi. Tulipofika Khuwair alimsimamisha mbele ya duka la dawa, mbali na kwetu, tukashuka, na tukasimama pale tukitazama vioo vya duka kama watu wanaoumwa, mpaka teksi ikapotea. Ndipo tukaenda nyumbani kwa miguu, juani, na mdogo wangu viatu vya Idd vinambana.

Njiani aliuliza, "Mama, watu gani wapo?"

"Tembea," alisema mama.

Wiki zikapita. Mama hakurudi Qurum. Kila Ijumaa na sababu yake: anaumwa kichwa, baba anakuja, haendi mikono mitupu na unga hautoshi. Mudira yeye alikuwa akipiga simu usiku, wanazungumza. Nilikuwa nasikia kicheko cha mama kutoka jikoni, kicheko ambacho sijakisikia tangu Wadi Kabir. Kila akikata simu nauliza, "Umemwambia?" Na yeye, "Bado. Alikuwa anahadithia habari za mamake."

Halafu usiku mmoja, kabla ya likizo ya nusu mwaka, mudira alipiga na mama hakucheka. Alisikiliza. Akasema, "Hapana neno, dada. Nafahamu. Hapana neno kabisa." Akaweka simu.

"Anasema nini?"

Mama alikuwa anakunja taulo. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nafasi za asubuhi keshazigawa. Anasema amewapa wale wasiokuwa na watu majumbani. Anasema alitaka kunipa mimi, lakini angeona haya mbele ya Mungu kumpa nduguye mwenye watu akamwacha asiye na mtu. Anasema amejua mimi nitamfahamu."

"Na wewe ukasema hapana neno."

"Niseme nini?"

Nilikwenda kulala bila ya kumuaga. Mdogo wangu alikuwa macho.

Siku chache baada ya likizo, maji yalikatika skulini kwetu na tukarudishwa mapema. Nilifika nyumbani katikati ya asubuhi. Sijawahi kuwa mle ndani saa zile siku ya kazi. Ngazi kimya, jengo zima kimya, cherehani tu za duka la mapazia zinavuma chini. Nikiwa nje ya mlango nikasikia sauti ya mdogo wangu. Nikadhani kamfungulia mtu.

"Karibuni, karibuni," alikuwa anasema. "Bibi anasali, anakuja sasa hivi. Nyinyi kaeni. Wewe shangazi usikae hapo, hapo pa mama."

Nikafungua kwa ufunguo wangu. Alikuwa peke yake. Nguo ya skuli, soksi, viatu, mkoba mgongoni. Mito yote ya sebuleni ameipanga kuzunguka mkeka, na mbele ya kila mto kaweka gilasi ya maji. Mito miwili kaivika mitandio ya mama. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama, hakukaa, asije akakunja nguo.

Aliponiona alisitasita. Nikamuuliza, "Unazungumza na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wale aliosema mama," alisema. Akaanza kuondoa gilasi moja moja, haraka, kama mimi ndiye mgeni niliyekuja kumfumania. "Mudira akija kunitembelea, wawepo."

"Mudira haji."

"Abla ameniuliza nnakaa na nani. Nimemwambia wapo watu. Akasema kina nani, nikamwambia bibi na shangazi na mtoto mchanga." Akafikiri. "Mtoto mchanga sikuwa na mto mdogo."

Nilimvua mkoba. Mgongoni nguo ilikuwa imeloa jasho, kwenye mstari wa vifungo. Nilimfungua vyote, nikampa kanga, nikamwambia alale mpaka karibu na basi. Alilala pale pale, kati ya mito, mdomo wazi. Mimi nikakaa. Nikasikiliza cherehani. Ikipita saa moja katika nyumba ile unaanza kusikia friji, halafu unasikia maji kwenye bomba la jirani ambaye hayupo. Na mimi nilikuwa mkubwa, na najua kusoma, na nilikuwa na mtu karibu yangu amelala.

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo, jikoni, bila ya kupamba. Nilimwambia mito, gilasi, mitandio, mtoto mchanga. Nilitaka aumie, na aliumia. Alizima jiko. Chakula kilikuwa hakijaiva na hakukiwasha tena.

"Bibi na shangazi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Shangazi alimkalisha wapi?"

"Palipokuwa si pako."

Mama akatikisa kichwa, na kidogo, kidogo sana, akacheka, kisha akajifuta uso kwa mkono wenye vitunguu, na machozi yakawa ya vitunguu.

Kesho yake alitoka kazini akanipitia. Sikuuliza tunakwenda wapi. Getini haris alituelekeza barazani, nje ya ofisi ya mudira, kwenye benchi ambalo wanawake hukaa wakisubiri zamu zao. Mama alikaa. Angeweza kutuma jina lake ndani, angeitwa mara moja, ndugu wa ziwa. Hakutuma.

Mbele yetu walikuwa wawili. Mmoja mama wa Kibulushi, nguo zake za kutariziwa, mwengine mwanamke wa dakhilia, wa bara ya ndani, na barakoa usoni. Walikuwa wanazungumza shida zao kama watu wanaotaja bei ya vitunguu.

"Mume wangu ameoa mke wa pili, haji," alisema wa barakoa. "Nataka wanangu wote wawe zamu moja, nipumue."

"Wangu mimi anakuja," alisema Mbulushi, "bora asingekuja." Wakacheka wote wawili. Mama alinitazama kwa jicho la pembeni: hawa hawana haya? Mbulushi akamgeukia. "Na wewe, dada, una nini?"

Nilifungua mdomo nimjibie. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Ma indi ahad," alisema, kwa Kiarabu chake kile cha kwenye teksi. Sina mtu. "Asubuhi nyumbani, binti yangu, sina mtu."

"Meskina," alisema Mbulushi. "Mungu yupo. Mwambie hivyo hivyo, usizungushe." Na akaitwa, akaingia, na mbingu hazikuanguka.

Zamu yetu ilipofika mudira aliinuka kwenye kiti, mikono imefunguka. "Dada! Mbona barazani na jua lote hili? Si ungekuja nyumbani?"

Mama alibaki amesimama upande wa pili wa meza. Akasema kwa Kiarabu, "Mudira, nina ombi."

"Leo Kiarabu?" Mudira alicheka, akanitazama mimi, labda mzaha naujua. Sikuujua. Nilikuwa nimekuja kufasiri na hapakuwa na kitu cha kufasiri.

Mama akayasema, mabovu mabovu, mke anamwita mume na leo anaita kesho, lakini yote yalitoka. Kwamba mtoto anabaki peke yake. Kwamba baba yuko Buraimi. Kwamba bibi hayupo, shangazi hayupo, khadama hayupo. Kwamba anavalishwa alfajiri na hakai chini. Alipoishiwa na maneno akaonyesha kwa mkono, mgongoni, pale penye vifungo.

Mudira alikuwa keshakaa. Miwani ameivua. Akauliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Lakini uliniambia wapo."

"Hawapo," alisema mama. Hilo nalo alilisema kwa Kiarabu.

Nje watoto walikuwa wanasoma pamoja kwa sauti, mstari mmoja tena na tena.

Mudira akavaa miwani. Na aliposema tena, alisema Kiarabu, kizuri, cha ofisi, kile anachosema na kila mtu. "Kuna msichana wa asubuhi anahamia Sohar. Binti yako aje Jumamosi. Basi la asubuhi linapita mapema, mwambieni asichelewe."

"Shukran, mudira."

"Afwan."

Tulipofika mlangoni akamwita. Tukageuka. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza. "Ningekupa siku ile ile," alisema, Kiswahili. "Pale pale kwenye kahawa."

"Najua," alisema mama, na yeye sasa Kiswahili. "Pale sikuweza."

Mudira aliitikia kwa kichwa. Nilidhani watakumbatiana. Nilidhani, haya, sasa yamekwisha, watacheka. Lakini nje kulikuwa na mwanamke mwengine kwenye benchi, na mudira akasema aingie.

Mdogo wangu akaanza zamu ya asubuhi Jumamosi ile, siku ya mwanzo ya wiki ya skuli. Alikuwa anatoka nyumbani pamoja na sisi, nguo imenyooka, na baada ya wiki mbili alikuwa na shoga yake kwenye basi, mtoto mwenye mdomo huyo, wanapigiana makelele dirishani mpaka Khuwair nzima inajua wanapita. Mito ilirudi mahali pake. Abla alituma salamu kwamba hasinzii tena, sasa tatizo lake ni kuzungumza.

Simu za usiku zikapungua. Mara moja mudira alipiga kuuliza hali ya mtoto, wakaongea kidogo kwa adabu, wote wawili wakimshukuru Mungu kwa kila kitu. Baadaye hakupiga. Kwenye mkutano wa kina mama tulimwona mbele, akamsalimia kila mmoja kwa mkono, na mama naye kwa mkono, "Keif halik, ya ukhti," hujambo dada, kama wengine. Mama alirudi akakaa safu ya nyuma karibu na yule Mbulushi, ambaye alimsogezea nafasi.

Ikaja Idd. Baba alikuja kutoka Buraimi usiku wa mwezi. Asubuhi baada ya sala mama alitandika nguo mpya ya meza, akaweka halua, akachemsha kahawa ya kutosha kaumu. Shangazi hakuja, hilo tulilijua. Walikuja wafanyakazi wenzake baba wawili, wakanywa wakaondoka. Mchana mama aliiongeza kahawa moto. Akasogeza kiti kimoja, akakirudisha pale pale. Kila gari likipunguza mwendo chini, anainua kichwa.

Mimi nilikuwa na maneno yangu, na yalikuwa mengi. Nilitaka kumwambia ampigie mudira simu yeye, aseme moja kwa moja, Idd mubarak, kwa nini huji. Ni kitu cha dakika moja. Nikamtazama pale alipokaa, mikono ya hina mapajani, na kwa mara ya kwanza sikujua ningemwambia aseme nini baada ya salamu.

Kwenye alasiri alianza kuondoa vikombe.

"Atakuwa na wageni wengi," alisema mama. "Nyumba kubwa ile."